Simu Niliyoinunua kwa Ajili ya Mtani

Simu yangu ya kwanza ya kioo niliinunua kwa sababu ya mtu mmoja, na sikuinunua ili nimpigie. Nilitaka kumrekodi akiwa katika hali ambayo asingependa ionekane, kisha niwe na uwezo wa kumwonyesha yeyote ninayemtaka. Nalisema hili mapema kwa sababu watu wakinisikia naanza habari za simu hudhani nitazungumzia maendeleo.

Kabla ya hapo nilikuwa na kitochi. Nilikaa nacho miaka tisa. Namba zilikuwa zimefutika kwenye vibonyezo, mfuniko wa nyuma ulishikwa na mpira wa baiskeli, lakini chaji ilidumu wiki nzima, na mtu wa aina yangu hahitaji zaidi. Shule niliiacha darasa la sita. Tangu hapo nimekuwa mtu wa kuhama na kuuliza. Nimebeba vitunguu Kibakwe, nimepasua kokoto za reli Gulwe kila mto wa mchanga ulipokula tuta, nimechuma zabibu, nimechanganya saruji Dodoma mjini. Popote nilipofika niliuliza mpaka nikachosha watu: reli inapanukaje jua likiwaka, nani alimfundisha ndege kusuka kiota, kwa nini vitunguu vya bondeni vinaoza mapema. Kitochi hakikujua lolote katika hayo, wala sikukilaumu.

Aliyenifanya nikichukie ni mtani wangu. Kabila lake na langu ni watani tangu enzi za mababu. Ananitukana simkasirikii, namchukulia kofia yake hanidai, na msiba ukitokea kwetu yeye ndiye mwenye ruhusa ya kufanya yale ambayo ndugu wakifanya watalaaniwa. Alikuwa anauza nguo za mitumba kwenye minada, leo Kibakwe, keshokutwa kwingine, na msimu mmoja nilimbebea marobota. Alikuwa na mdomo mzuri. Angeweza kumuuzia Mgogo koti la baridi mwezi wa kumi, jua likiwa la kuchoma mawe. Nilimpenda. Siwezi kusimulia vizuri nilivyomchukia nisiposema hilo kwanza.

Bibi yangu mzaa mama, aliyenilea baada ya mama yangu kutangulia, tulimzika Gulwe wakati wa kiangazi. Ardhi ilikuwa ngumu hivi kwamba wachimbaji waliimwagia maji kwanza. Nilisimama kwenye ukingo wa kaburi nikiwa sijalia. Siku mbili nilikuwa nimetafuta machozi nikayakosa, na kifua kilikuwa kimejaa kama gunia lililoshindiliwa. Hapo ndipo mtani alipofika, amejifunga kitenge cha bibi, ameshika fimbo ya bibi, anaigiza mwendo wa bibi, ule wa mguu wa kulia uliokuwa ukiburuta. Bibi alikuwa na desturi ya kuhesabu kuku kila jioni kabla ya kufunga banda, na kila jioni alimtuhumu jirani. Mtani akainama juu ya kaburi akaanza kuhesabu.

"Mmoja, wawili, watatu, wanne, watano, sita. Na wa saba?" Akamgeukia jirani mwenyewe, aliyekuwa ameshika sepetu. "Mwambieni huyu nimemwona kwenye sufuria yake. Naenda huko chini, lakini nitarudi kukagua mifupa."

Nikacheka. Nilicheka mpaka nikakaa juu ya udongo, na katikati ya kile kicheko machozi yakapata njia. Hiyo ndiyo kazi ya mtani makaburini. Anakuja kukitoa kicheko ambacho mfiwa hawezi kukitoa mwenyewe, na wazee wa kwetu wanasema kisipotoka kinageuka ugonjwa. Nilimshukuru. Nilimpa kuku wa bibi mmoja kama desturi inavyotaka, akaondoka naye kichwa chini, anamfokea.

Sikujua kwamba simu yake alikuwa amempa mwenzake amrekodi.

Wiki mbili baadaye watu walianza kunitazama. Mama muuza chai pale stesheni ya Gulwe alinimiminia kikombe, akanitazama, akageuka pembeni mabega yakimtikisika. Wenzangu wa kwenye kokoto walikuwa wakinyamaza nikifika. Nikauliza kuna nini, nikaambiwa hakuna kitu. Mimi niliyezoea kuuliza mpaka nikajibiwa, safari hii kila mtu alikuwa na jibu kwenye mfuko wake na hakuna aliyetaka kulitoa.

Jibu lilinijia kwenye kitochi. Alipiga mama mkubwa, dada wa mama yangu, ndugu wa pekee niliyebaki naye upande ule. Siku ya mazishi alikuwa amelazwa kwa kuvunjika mguu, na sasa alikuwa amerudi kwake Mlali. Nikasema shikamoo. Hakuitikia. Nikadhani mtandao unasumbua, nikarudia. Hakuitikia tena, lakini nilimsikia akipumua.

"Nimekuona unacheka," alisema. "Mama yangu yuko shimoni, na wewe umekalia udongo wake unacheka. Usikanyage kwangu."

Akakata. Nilipiga, hakupokea. Nilipiga siku nne.

Ilibidi nimwombe yule mama wa chai anionyeshe. Aliniona nilivyokuwa, akaacha kucheka, akafuta mikono akanishikia simu mbele ya uso. Ilikuwa video ya muda wa kumeza funda moja la chai. Mtani hayumo. Kitenge hakimo, kuku hawamo, jirani hayumo. Niko mimi tu, nimekaa juu ya udongo, mdomo wazi, nimeshika tumbo, na msalaba umeegemezwa nyuma yangu. Chini yake kulikuwa na maneno: *Mjukuu akishukuru kuachiwa shamba.* Yule mama akasema ilitoka kwa mtani, ikazunguka makundi yote, mpaka kundi la ukoo ambamo mimi peke yangu sikuwamo.

Nilimfuata mtani mnadani Kibakwe. Alikuwa amesimama juu ya rundo la nguo, suruali tatu begani. Nilimwambia alichofanya na kilichotokea kwa mama mkubwa, nikamwambia anitumie video nzima, ile anayoonekana yeye akimwigiza bibi, ili mama mkubwa aone nilicheka nini. Alicheka. Akawageukia wateja wake akawauliza kama wamewahi kumwona mtani anayekasirika. Kisha akanishika bega.

"Hata nikitaka kukutumia, nakutumia wapi? Hiyo tochi yako inapokea nini, mtani? Inapokea giza."

Wateja walicheka. Nami nilitabasamu, kwa sababu ndivyo sheria inavyotaka. Lakini njiani kuteremka mlima wa Kibakwe nilifikiri sana juu ya sheria hiyo. Utani ni kujibizana. Ukinirushia neno, lazima uniache nikiwa na mkono wa kulirudisha. Yeye alinirushia mahali ambapo mkono wangu haukufika, mbele ya watu ambao sikuwaona, kisha akanicheka kwa kutokufika. Huo haukuwa utani. Nilipofika chini nilikuwa nimeamua kununua simu.

Nilifanya kazi ya saruji Dodoma miezi mitatu. Kisha nilianza kuchagua, na uchaguzi wenyewe ulinichukua siku tatu katika duka moja, kwa dada mmoja wa Kondoa aliyeuza simu mpya na zilizotumika. Siku ya kwanza aliniuliza nataka simu ya kufanyia nini.

"Kumrekodi mtu."

"Mtu mmoja?"

"Mmoja."

"Basi kwa bei ya simu yoyote humu utakuwa umemheshimu sana," akasema, akaniletea ya kwanza.

Tatizo lilianzia kwenye vidole. Saruji ilikuwa imenikausha ngozi ikawa kama gome, na kioo hakikunitambua. Nilibonyeza, nikabonyeza tena, kimya. Yule dada alinitazama kwa huruma ya kibiashara. Akaniambia nilambe kidole, maana kioo kinaniona kama jiwe. Nikalamba, kikafunguka. Mpaka leo nafungua simu yangu hivyo, kama mtu anayehesabu noti.

Nilimuuliza kila kitu. Picha zinakaa wapi simu ikizimwa? Kwa nini inapata moto? Ukisema kumbukumbu unamaanisha ya kutunza au ya kufikiri? Alinieleza kwamba ziko mbili, ya kutunza na ya kufanyia kazi, na kwamba wauzaji wengi huwatajia wateja ile yenye tarakimu kubwa tu. Nikauliza tena. Siku ya pili aliniuliza kama nimekuja kununua simu au kuisomea. Nikamwambia shule niliiacha mapema, anivumilie. Akaniletea kiti.

Simu zilikuwa tatu mwishoni. Moja ilikuwa na betri ya kudumu siku mbili, lakini kamera yake ilimfanya kila mtu aonekane yuko kwenye vumbi, na vumbi Dodoma linatutosha. Ya pili ilikuwa mpya, ndani yake mna nafasi ya kutunza harusi kumi. Ya tatu ilikuwa imetumika, imekwaruzika pembeni, nafasi yake ndogo, na tundu la kuwekea kadi ya kuongeza nafasi lilikuwa limekufa. Yule dada hakunificha. Lakini nilisimama nayo mlangoni, nikaielekeza kwa fundi cherehani aliyekuwa ng'ambo ya barabara juani, nikamvuta karibu kwa vidole viwili nilivyolamba. Niliona pini mdomoni mwake. Nilizihesabu.

"Hiyo ina jicho, haina tumbo," alisema yule dada. "Itajaa mapema, kaka yangu. Kila siku utakuwa unachagua cha kufuta. Chukua hii mpya."

Nilimwambia sihitaji tumbo. Nilikuwa nazihesabu zile pini na kuona meno ya mtani.

Jambo la kwanza nililofanya na simu ile ni kumwandikia yeye. Nimenunua, sasa una pa kutuma. Alijibu kwa vile vikatuni vya kucheka mpaka machozi, sita mfululizo, kisha maneno mawili: *Nilishafuta, mtani.* Cha saba amekiacha nje, kama kuku wa saba wa bibi, nikawaza, na nikakaa kusubiri.

Sikusubiri bila kazi. Nilikuwa na jicho jipya. Nilirekodi treni ya mizigo ikipita Gulwe mwanzo hadi mwisho. Nilirekodi ndege wakisuka, na maji ya kwanza yakiingia kwenye mto wa mchanga, yale yanayokuja yakisukuma povu na vijiti kama mtu anayefagia. Nilimrekodi mpasua kokoto mwenzangu akieleza namna ya kulisikiliza jiwe kabla ya kulipiga. Jioni nilikuwa navitazama kama mtu mwenye ng'ombe zizini. Lakini kila asubuhi nilipotoka nilihakikisha simu ina chaji, na sababu haikuwa treni.

Baba wa mtani alikufa mwaka uliofuata, mzee aliyeshiba umri, huko huko Kibakwe. Habari ilinifikia asubuhi, kabla ya adhuhuri nilikuwa kwenye gari. Mtani hasubiri mwaliko. Nilikuwa na haki ya kwenda, tena walikuwa wananitarajia. Watani wenzangu watatu walikuwa wameshafika, na mmoja wao, mama mmoja wa makamo, alikuwa ameshavaa koti la marehemu na kofia yake. Akaniambia nichukue redio ya mzee tuingie kazini. Nikamwambia nitasimama tu.

Nikasimama ng'ambo ya kaburi, mkabala na mtani, nikainua simu.

Aliona mara moja. Nilimvuta karibu mpaka uso wake ukajaa kioo: ndevu za siku tatu, midomo iliyokauka, macho mekundu ya mtu ambaye hajaweza kulia. Niliyafahamu macho hayo, yalikuwa yangu. Yule mama akaanza. Mzee alikuwa mbishi wa redio. Kila taarifa ya habari aliijibu. Mama akaiweka redio sikioni akawa anabishana na mtangazaji kuhusu bei ya mbolea, akamwambia asome polepole kwa sababu anaandika, akaiambia redio inyamaze ipishe watu wazima. Watu walianza kuanguka kwa kicheko. Wajane walicheka. Mchungaji aliziba mdomo kwa kitabu chake. Niliona kwenye kioo kicheko kikimpanda mtani, kikafika kooni, shavu la kushoto likaruka. Akakibana. Akanitazama.

Alizunguka kaburi akaja mpaka nilipo. Alisema kwa sauti ya chini, na sikushusha simu, kwa hiyo maneno yake nilikuwa nayo.

"Shusha, mtani. Nakuomba. Kimenikaa hapa." Akajigusa chini ya koo. "Nimcheke mzee wangu kidogo tu, kisha nirekodi utakavyo."

"Utani huu," nilisema. "Hukasiriki."

Alirudi mahali pake. Yule mama alifanya kila alichojua. Aliwavunja watu mbavu, aliingia shimoni na koti la mzee akadai alipwe ndipo atoke, alimwita mtani kwa jina lake la utotoni. Mtani alisimama kama nguzo ya umeme. Dakika arobaini mkono wangu haukushuka, simu ikawa ya moto kama kikombe cha uji. Baba yake aliingia ardhini na yeye hakucheka wala kulia. Wazee walinitazama vibaya, mmoja akaniambia waziwazi kwamba nimekuja na kazi yangu, si kazi ya utani. Alisema kweli. Nilishuka Kibakwe siku ile nikiwa mwepesi, nikipiga mluzi, na sitadanganya kwamba kuna kitu kilinisumbua.

Sikuituma popote. Nilijua ningeweza, maneno ya kuweka chini yake nilikuwa nimeshayaandaa, lakini nikagundua kuwa kisasi kikitumwa kimekwisha. Hiki nilitaka kibaki mfukoni, na yeye ajue kipo.

Ila kilikuwa kikubwa. Dakika arobaini za jicho lile zilijaza simu, na ikaanza kuniomba nifute. Nikafuta treni. Wiki iliyofuata nikafuta ndege, kisha maji ya kwanza. Mpasua kokoto na jiwe lake nilimfuta mwisho, nilimtazama mara mbili kwanza. Sura ya mtani sikuigusa. Tumbo lote la simu likawa lake.

Kisha akatuma. Ilikuwa mchana, niko kwenye kokoto. Kwanza sauti yake, bila utani ndani yake: video nzima alikuwa nayo siku zote, hakufuta, hii hapa, naye anaomba nifute ya kwake. Chini yake palikuwa na picha iliyofifia yenye mshale wa kupakulia. Katika ule ukungu niliona rangi ya machungwa. Kitenge cha bibi. Nikalamba kidole nikabonyeza, simu ikaniambia nafasi haitoshi.

Hakukuwa na kingine cha kufuta isipokuwa yeye.

Siku tatu nilitembea na picha ile ya ukungu. Pale stendi kuna kibanda cha kuhamishia nyimbo kwenye kompyuta, ningeweza kuwaachia ile video yangu wanitunzie. Lakini nilishajua video ya msiba ikiingia mikononi mwa watu huwa nini, na yangu nilitaka iwe mkononi mwangu tu. Kilichonikera zaidi ni kwamba alikuwa ameomba nifute, na sasa ili nimpate bibi, ilinibidi nimtii. Mara kadhaa nilifikiri kumwacha mama mkubwa na hasira yake. Nilikuwa nimeshazoea. Halafu siku ya tatu nilijikuta kwenye foleni ya chai nikisema shikamoo kwa yule mama wa stesheni, akaitikia marahaba kwa haraka haraka huku akichochea moto, nami nikasimama pale na kikombe changu muda mrefu kuliko inavyohitajika.

Nilifuta. Simu iliniuliza kama nina hakika, nikaijibu ndiyo kwa kidole kikavu, ikakataa, ikabidi nilambe.

Bibi alipakuliwa polepole. Mguu unaburuta, fimbo, kuku wakihesabiwa mmoja mmoja, jirani na sepetu lake, kisha mimi naanguka nacheka, na baada ya kicheko, pale alipokuwa amekata, naonekana nalia, mtani amenikumbatia na kitenge cha bibi begani mwake. Sehemu hiyo nilikuwa nimeisahau kabisa. Niliirudia, nikamchukia upya, kwa sababu alikuwa nayo siku zote.

Nikaituma Mlali. Alama mbili zikageuka bluu. Ilipita saa nzima ndipo simu ikalia.

"Kuku wenyewe walikuwa sita," alisema mama mkubwa. Sauti ilikuwa imelowa. "Mama alimsingizia jirani miaka yote, na huyu mshenzi naye kamsaidia."

"Shikamoo, mama mkubwa."

"Marahaba. Njoo uchukue hicho kitenge, waliniletea na vitu vya mama, kisiliwe na panya."

Nilikwenda. Nilikaa Mlali msimu mzima wa alizeti, na kwa mtu wa aina yangu ni muda mrefu.

Mtani sijamwambia kwamba nilifuta. Tukikutana mnadani tunasalimiana, ananiita mtani, namwita mtani, anawauzia watu makoti. Akifika katikati ya mzaha wake, wateja wamemzunguka, meno yote nje, mimi huingiza mkono mfukoni, nikatoa simu, nikalamba kidole taratibu. Natazama saa tu. Lakini sijawahi kumwona akiumaliza mzaha huo.